Kuomba Ruhusa kwa Pilipili

Kaka yangu alirudi nyumbani Jumamosi asubuhi, siku ambayo huwa sitaki kusemeshwa na mtu. Jumamosi ni siku ya mashuka. Mimi ni dobi, kazi naifanyia uani kwangu, na mashuka ya nyumba ya wageni ya pale barabarani huletwa Ijumaa jioni yakiwa na madoa ambayo sitayataja hapa. Nilikuwa nimeinamia beseni, povu hadi viwikoni, nikasikia mtu anabisha hodi kwenye geti lililo wazi.

"Ingia!" nikapaza sauti. "Geti liko wazi, huoni?"

Hakuingia. Halafu hodi tena. Nikainuka na hasira zangu kwenda kuona ni kiziwi gani huyo. Alikuwa yeye, amesimama mbele ya geti wazi, mfuko wa plastiki mkononi, miguu ameibana pamoja, anasubiri. Nilikuwa nimeambiwa atatoka Jumatatu. Miaka yote nilikuwa nimemwekea maneno ya kumwambia siku hiyo, mengine matamu, mengine ya kumchana kweli kweli. Yote yakayeyuka. Nilimkumbatia na maji yangu mwilini tukalia pale njiani, na wapita njia wakapita.

Nilipogeuka nilimwona Pilipili mlangoni, mswaki mdomoni, anatutazama.

Pilipili ni binti yake. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu ni kidogo na kinawasha. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kaka akabaki naye, akamlea mwenyewe, akajua kumbeba mgongoni na kumsuka nywele vibaya vibaya, mpaka mtoto akafika miaka mitatu. Hapo ndipo yalipotokea yaliyotokea. Kaka alikuwa fundi gereji. Siku moja akazozana na mwenzake kazini, maneno yakazidi, akarusha ngumi moja tu. Yule mtu akaangukia kisogo kwenye ukingo wa saruji, hakuinuka tena. Kaka ambaye hajawahi kumpiga hata paka. Hakimu alimwonea huruma, lakini huruma ya hakimu nayo ina miaka ndani yake, na mtoto akahamia kwangu.

Wapo walionishauri nimwambie mtoto kwamba baba yake amesafiri. Niliwajibu kwamba mimi ni dobi, doa silifuniki. Nilimweleza Pilipili wazi, alipoanza kuuliza: baba yako yuko jela, alimpiga mtu, mtu akafa, anajuta kila siku, na anakupenda. Nilimpeleka kumwona mara moja. Alilia kuanzia getini hadi tuliporudi kituo cha basi, na kaka akaniomba nisimlete tena mpaka yeye atoke. Kwa hiyo alimjua baba yake kwa picha ya ukutani, na yule wa pichani alikuwa mnene na ana masharubu.

Siku hiyo akatoa mswaki mdomoni, akampima mgeni kutoka juu hadi chini.

"Shangazi, ndiye huyu?"

"Ndiye. Msalimie baba yako."

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ile ile anayomsalimia nayo mtu wa kusoma mita ya maji, akaenda zake kusukutua.

Kaka alichokitaka duniani baada ya hapo kilikuwa kitu kimoja. Aliniambia jioni ile ile tukianua nguo. Hakutaka gereji, hakutaka mke, hakutaka watu wa mtaa wamsamehe wala wamkaribishe. Alitaka kuitwa baba.

"Sitamlazimisha, dada," akasema. "Nataka litoke lenyewe."

Halikutoka. Pilipili hakumwita baba, hakumwita mjomba, hakumwita kitu chochote. Akitaka kumwambia jambo alinipitishia mimi, hata kama wako hatua mbili. "Shangazi, mwambie anisogezee kiti." "Shangazi, muulize kama amemaliza kuoga." Nami nikawa simu ya mkononi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kingine kilichonitoa jasho ni ruhusa. Jela walimfundisha kuomba kila kitu, na alikuja nayo nyumbani. "Dada, naomba kwenda msalani." Nikamwambia, nenda, kwani nikikukatalia utafanyaje? Akacheka, akaenda. Kesho yake, "Dada, naomba kunywa maji." Kesho kutwa, "Dada, naomba kuzima taa." Nilimkemea, nilimtania, niliigiza sauti ya askari, nikamwambia ruhusa yote ya nyumba hii nakupa leo kwa jumla. Aliitikia ndiyo, kisha akasimama kwenye kizingiti akisubiri kuambiwa apite.

Nikamtia kazini, maana mtu asiye na kazi hujila mwenyewe. Na kazi aliijua. Kule alikuwa kwenye kikosi cha kufua sare. Aliloweka nyeupe mbali na za rangi bila kuambiwa, alikoroga wanga usio na mabonge, na alijua kupuliza majivu ya pasi ya mkaa nje ya baraza yasidondokee nguo. Nilijisifu kwamba nimepata mtu. Kisha nikamwachia furushi la Mama Duka, mwenye duka la kona, mama mkubwa wa mwili na wa sauti. Kaka akapiga pasi alivyozoea, yaani kila kitu akakitia mkunjo wa sare. Kanzu za kulalia zikapata mkunjo. Vitambaa vya meza vikapata mkunjo. Gauni lake la maua la kwendea harusini likapata mikunjo miwili mbele, imenyooka kutoka kifuani hadi chini, mikali hata ungeweza kukatia sabuni.

Mama Duka alirudi nalo amelivaa, ili nione vizuri.

"Nitazame!" akasema katikati ya ua. "Nitazame na unijibu. Naenda harusini au naenda kulinda benki?"

Kaka akasimama wima, mikono nyuma, macho chini. "Samahani, mama. Naomba nilirudie."

Hapo nikasikia kitu kutoka nyuma ya pipa la maji. Pilipili alikuwa ameketi chini, amejishika tumbo, anacheka mpaka kamasi zinamtoka. "Kulia, geuka!" akapiga kelele. "Mbele, tembea!" Mama Duka akaanza kucheka mwenyewe, mabega yakamtikisika na maua yote yakatikisika naye. Kaka akainua macho polepole, akamwona mwanawe anacheka, na uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona uso ule tangu azaliwe yule mtoto. Nililifua lile gauni upya kwa furaha.

Basi nikadhani mambo yameanza kunyooka. Yalianza, lakini kwa njia nyingine kabisa.

Siku moja nilikuwa nimepeleka nguo kwa wateja. Kaka akapatwa na kiu na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Pilipili alikuwa mezani anafanya hesabu za shule. Alinisimulia mwenyewe baadaye, macho yamemtoka. Yule mtu mzima alisimama mbele yake, akasema, "Naomba kunywa maji."

Mtoto yule alikuwa hajawahi kuombwa ruhusa na mtu yeyote tangu azaliwe. Aligeuka nyuma kuangalia kama nimesimama mimi. Hakuona mtu.

"Kunywa," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini usimalize."

Kuanzia hapo sikuhitajika tena kuwa simu. Waliongea wenyewe, tena kutwa. Ila mmoja alikuwa anaomba na mwingine anaruhusu. "Naomba kupita." "Pita." "Naomba kuketi." "Keti pale, siyo hapo, hapo ni pangu." Alimbebesha mkoba wa shule. Alimpa kipande chake kidogo cha nyama akachukua kikubwa cha baba yake, naye akakitoa kwa tabasamu. Asubuhi moja akatangaza kwamba tumbo linamuuma na haendi shule. Kaka akasema sawa. Niliporudi sokoni nilimkuta mgonjwa anaruka kamba.

Siku hiyo nilipasuka. Nilimvuta kaka jikoni.

"Huyu atakupanda kichwani! Tena ameshapanda, ameketi, anatafuta pa kutundika miguu. Utamkataza lini?"

"Mimi ni nani wa kumkataza, dada?"

"Wewe ni baba yake!"

"Hilo unalisema wewe," akanijibu. "Yeye hajalisema." Alikuwa anafuta sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu. "Halafu, mara ya mwisho nilipopandisha sauti, mtu alikufa. Huyu mtoto anajua, ulimwambia, na ulifanya vyema. Sasa nikimpandishia yeye siku moja, akanitazama akaona ule mkono, je? Afadhali anipande kichwani. Akiwa kichwani angalau yuko karibu."

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Siku hiyo nilitumia mikono. Nilimnyang'anya ile sufuria nikaenda kuitundika.

Ilikuwa Jumamosi nyingine, mchana, jua kali, mashuka yamejaa kwenye kamba zote za ua. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo kaka alikuwa barazani anapiga foronya kwa pasi ya mkaa. Mimi nilikuwa natundika safu ya mwisho, vibanio nimevibana kwa meno. Kati yetu kulikuwa na shuka kubwa. Niliweza kuona miguu tu: kandambili za kaka, na pembeni yake miguu miwili mitupu ya Pilipili ikija.

"Sogea," nikamsikia. "Nataka kupiga pasi sketi yangu."

"Nipe nikupigie."

"Sitaki. Nataka mwenyewe. Shangazi huwa ananiruhusu."

Uongo wa mchana kweupe! Tangu aje kwangu nilimwambia kwamba ile pasi ni nyoka, na mpaka leo hajawahi kuisogelea nikiwepo. Nilifungua mdomo nimuumbue, vibanio vikaanza kudondoka. Na sijui ni nini kilichonishika. Nilifunga mdomo tena, nikabaki pale, kibanio kimoja kati ya meno, nasikiliza.

"Ni nzito," kaka akasema. "Na ina moto mwingi."

"Najua. Sogea."

Nikaona kandambili zinarudi nyuma. Roho iliniuma, sikufichi. Nikasema moyoni, basi, atamwachia, na mtoto ataungua, na huyu hatajisamehe tena. Nikashika pindo la shuka nipite.

"Hapana," kaka akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayejaribu kama koo lake bado linafanya kazi.

"Nini?"

"Nimesema hapana. Pasi hutaishika."

Pilipili akacheka. "Anayeomba ni wewe, siyo mimi. Haya, sogea, nimekuruhusu."

Kisha miguu midogo ikaruka. Nikasikia chuma kikigonga meza, na sauti ya kaka ikapasua ua mzima.

"HAPANA! Usiiguse!"

Nilisukuma shuka. Pasi ilikuwa imeinamia ukingoni, kifuniko wazi, kaa moja limeanguka sakafuni kwenye saruji karibu kabisa na pale ilipokuwa miguu mitupu. Ilipokuwa, kwa sababu miguu yenyewe ilikuwa hewani. Kaka alikuwa ameishika pasi kwa mkono wa kulia na mtoto kwapani kwa mkono wa kushoto, kama anavyobeba furushi. Akamshusha mbali na kaa. Akairudisha pasi kwenye kibati chake. Kisha akaiona mikono yake, akaipeleka nyuma ya mgongo, akasimama wima mbele ya yule mtoto wa miaka tisa.

Pilipili alikuwa anamtazama. Alimtazama usoni, akatazama mabega yake, akatazama pale mikono ilipopotelea. Nilijua anakumbuka kila nilichowahi kumwambia, na kwa mara ya kwanza nikatamani ningekuwa nimemwambia amesafiri.

Halafu akalipuka.

"Baba mbaya!" akapiga kelele, akakanyaga chini kwa mguu. "Wewe ni baba mbaya! Watoto wote wanaruhusiwa, mimi tu! Baba mbaya, sikupendi, na sketi yangu usiipige pasi hata kidogo, itabaki hivyo hivyo!"

Akaiokota sketi, akakimbilia chumbani akilia kwa sauti ya juu kuliko ilivyolazimu, na mlango ukabamizwa mpaka picha ya ukutani ikakaa upande.

Nilimsogelea kaka. Nilitoa kibanio mdomoni, kilikuwa na alama za meno.

"Dada," akasema. "Nimemtisha."

"Umemtisha, ndiyo. Angeungua."

"Umemsikia alivyosema?"

"Nimesikia. Hata wageni wa nyumba ya wageni wamesikia."

"Amesema baba."

"Amesema baba mbaya."

"Hata kama," akasema. "Hata kama, dada. Hata kama." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua foronya iliyokuwa karibu, ambayo alikuwa ameshaipiga pasi, akaficha uso ndani yake. Mabega yakamtikisika muda mrefu. Nilimshika kichwa nikakiegemeza kwenye aproni yangu iliyolowa, nikalia na mimi, huku nikiwaza kwamba foronya ile itabidi ifuliwe upya.

"Hakuogopa," akasema kutoka ndani ya foronya. "Ulimwona? Alikasirika tu."

"Nilimwona. Hasira za kwao hizo."

Pilipili alinuna mchana kutwa. Alitoka mara moja kwenda msalani, akapita mbele yetu mashavu yamevimba, akarudi. Tulisikia akiuambia mto habari zetu. Jua lilipoanza kulegea, binti wa kinyozi wa jirani alikuja getini kumwita wakacheze, kama kawaida yao. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameivaa ile sketi, imekunjamana kama karatasi ya kufungia samaki, kusudi tuione.

"Shangazi, naenda kucheza," akasema.

Nilikuwa nakunja mashuka. Sikuinua kichwa.

"Mimi sijui," nikamwambia. "Muulize mwenye mtoto."

Kaka akanitupia jicho la kuniomba nisimfanyie hivyo. Nikajifanya hamnazo. Pilipili alisimama pale akikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Alikwangua sana. Rangi ile nilikuwa nimepaka mwenyewe, na niliiacha ikwanguliwe.

"Naenda kucheza," akauambia ukuta.

Kaka akamtazama miguu.

"Viatu," akasema.

"Ha?"

"Vaa viatu kwanza. Na jua likizama uwe umerudi."

Pilipili akasonya, lakini kwa chini chini, kile kisonyo cha mtu anayejua mpaka ulipo. Akaingia ndani, akatoka na viatu vyake, kimoja kimefungwa na kingine kimemshinda, maana kile kibano cha ukanda wake ni kigumu hata kwangu. Akamkaribia baba yake. Hakusema neno. Aliupandisha mguu wake juu ya goti la baba, akageuzia uso upande wa geti, akangoja.

Kaka alikifunga kile kiatu. Alikosea tundu, akafungua, akaanza tena. Pilipili alingoja bila kulalamika, mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa cha baba yake asije akaanguka. Kaka alipomaliza alimpiga kofi dogo kisiginoni, kama alivyokuwa akimfanyia zamani sana, akasema, "Haya, nenda."

Akaenda mbio. Getini binti wa kinyozi akamuuliza, na sisi tukasikia kila kitu, kwa sababu wale wawili hawajui kunong'ona.

"Mbona macho mekundu?"

"Baba yangu amenigombeza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushika pasi ya moto. Hataki." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha nguo mpya. "Wako anakuacha ushike mashine ya kunyolea?"

"Ananiacha."

"Wangu hakubali hata siku moja. Baba yangu mimi mkali sana, wewe acha tu. Hata shangazi anamwogopa."

Mimi! Kumwogopa yule! Niliweka shuka chini, nikafungua mdomo nimjibu palepale mtaa mzima usikie nani anamwogopa nani katika nyumba hii. Kisha nikamwona kaka kwenye ndoo yake, ameuinamisha uso kuelekea getini ili asipitwe na neno hata moja. Nikaufunga mdomo, nikaokota shuka langu nikaendelea kukunja.